Folda ya harusi iliyogoma kufutika

SWALI: Assalaam aleikum, fundi. Nina steshenari ndogo hapa Ngamiani, Tanga. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, na msimu wa harusi natengeneza albamu. Kompyuta yangu ya zamani ilikufa mwaka jana. Kijana mmoja akaifungua, akaitoa diski yake, akaokoa kazi zangu kwa kutumia flashi yenye Linux, ule mfumo mwingine usio Windows, na kuzipanga upya kwa majina ya wateja. Kisha akaifunga diski hiyohiyo ndani ya kompyuta mpya ya Windows 10, ikawa diski D. Sasa D imejaa. Picha ninazozihitaji nimeshazihamisha, nataka kuifuta folda nzima ya KAZI ZA ZAMANI. Kwa mausi imekataa. Mwanangu akanionyesha kile kidirisha cheusi, tukaandika rd /s /q "D:\KAZI ZA ZAMANI". Yakapita maandishi mengi, vitu vingi vikaondoka, mwisho ikaandika "The directory is not empty". Nimerudia mara nne. Najua haiko tupu, ndiyo maana naifuta! Nifanyeje?
Mama wa steshenari, Ngamiani

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Tanga tunaambiwa waja leo waondoka leo. Folda yako imekuja na kuoa kabisa.

Kabla ya yote, hizo picha ulizohamisha umezifungua? Usitazame majina tu. Fungua picha tatu nne kutoka kila harusi, uone nyuso za watu. Nauliza kwa sababu amri ya rd haipeleki kitu kwenye lile pipa la taka ambako unaweza kwenda kuokota. Ikifuta imefuta, na bibi harusi hafungi ndoa mara ya pili ili wewe upate picha.

Tuje kwenye ujumbe wako. Mstari ule wa mwisho ndio unaosumbua watu wengi, na ndio wenye maana ndogo kuliko yote. Kompyuta haikuambii kwamba haiwezi kufuta folda yenye vitu, maana hiyo /s uliyoandika ndiyo ruhusa ya kufuta pamoja na vilivyomo. Inachosema ni kwamba imeingia ndani, imefuta ilivyoweza, imeshindwa na viwili vitatu, na kwa sababu hivyo vimebaki, folda ya nje haiwezi kuondoka. Ni kama kuvunja nyumba yenye vyumba kumi, mpangaji mmoja akakataa kutoka: ukuta wa nje utabaki kwa ajili yake. Anayetakiwa kuulizwa ni mpangaji, na jina lake limo katika yale maandishi yaliyokupita mbio.

Tuyakamate basi. Fungua kidirisha cheusi upya. Andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, bonyeza jina lake kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Run as administrator. Halafu andika hivi:

cd /d C:\

rd /s /q "D:\KAZI ZA ZAMANI" 2> "%userprofile%\sababu.txt"

find /v "not empty" "%userprofile%\sababu.txt"

Ile 2> inachukua malalamiko yote na kuyaandika kwenye faili badala ya kuyamwaga kwenye kioo. Mstari wa tatu unayasoma tena huku ukiyaacha yale ya "not empty", ambayo ni mwangwi tu. Kitakachobaki ndio wapangaji wako sugu. Ningebashiri ni wa aina tatu, kwa jinsi diski yako ilivyosafiri.

Wa kwanza ni yule ambaye mstari wake unaishia na "being used by another process", yaani kuna programu nyingine imelishika faili au folda hiyo. Hapa usitafute mchawi mbali. Mara nyingi mshikaji ni kidirisha cheusi chenyewe: mtu anaingia ndani ya folda kwa cd ili aone kilichomo, kisha akiwa humohumo anaagiza ifutwe. Windows haikubali kuvuta mkeka uliokalia. Itafuta vilivyomo, folda yenyewe itaibakiza. Ndiyo sababu nimekuwekea cd /d C:\ mwanzoni, utoke kwanza.

Ukiona bado, funga programu ya albamu, funga madirisha yote yanayoonyesha picha, halafu rudia. Wakati mwingine programu ya kuzuia virusi inakuwa inalikagua faili kwa sekunde chache, ukirudia amri mara ya pili inapita bila ubishi. Kama haipiti, andika resmon ufungue dirisha la kuchungulia programu zinazofanya kazi, nenda kwenye CPU, na kwenye kisanduku cha Associated Handles andika neno moja kutoka kwenye jina la folda. Itakutajia programu iliyoshika. Ikikutajia System, jiulize kama dukani una kompyuta ya pili inayosoma D kupitia mtandao, ile ya kijana anayechapisha. Amri ya net file itakuonyesha mafaili yaliyofunguliwa kutoka upande wa pili. Mwambie afunge. Basi.

Wa pili anaishia na "Access is denied". Huyu namtarajia kwako bila shaka, kwa sababu mafaili yaliandikwa na akaunti ya kompyuta iliyokufa. Windows haikujui kwa jina lako. Inakujua kwa namba ndefu ya akaunti, na namba ya akaunti yako mpya si ile ya zamani hata kama zote mbili uliziita Mama. Kwa hiyo picha ulizopiga mwenyewe kwa mkono wako zinakuona mgeni.

Dawa yake ina sehemu mbili, na wengi huishia ya kwanza:

takeown /f "D:\KAZI ZA ZAMANI" /r /d y

icacls "D:\KAZI ZA ZAMANI" /grant "%username%:F" /t

Ya kwanza inabadilisha hati ya nyumba, iandikwe jina lako. Lakini hati si ufunguo. Mwenye hati anaweza kuchonga ufunguo, ila mpaka auchonge mlango haufunguki, na ya pili ndiyo inayouchonga: hiyo F ni ruhusa kamili, na /t inaipeleka mpaka folda za ndani kabisa. Nimeona watu wanaandika takeown mara kumi kwa hasira, wanasoma SUCCESS kumi, na folda haijatikisika.

Amri hizi mbili zina nguvu, kwa hiyo ziandikie njia kamili ya folda unayoifuta na si zaidi. Usije ukazielekeza kwenye folda ya Windows huko C kwa kudhani unafanya usafi. Nimewahi kuletewa kompyuta iliyofanyiwa hivyo, ikabidi tuanze upya kabisa.

Sasa wa tatu, ambaye kwa kweli ndiye aliyenifanya nichague swali lako. Huyu anaishia na "The system cannot find the file specified". Folda unaiona kwa macho, dir, amri ya kuorodhesha vilivyomo, inaitaja, lakini ukiagiza ifutwe unaambiwa haipo. Hapo ndipo watu huanza kusema kompyuta ina jini.

Yule kijana wako alipanga folda akiwa kwenye Linux. Linux haijali jina likiishia na nafasi au nukta, itaandika kama ulivyogonga. Windows ina tabia ya kunyoosha majina: nafasi au nukta ikiwa mwisho wa jina, inaikata kimyakimya kabla ya kutafuta. Basi kijana akiandika "Harusi Pongwe" na kidole kikagusa kitufe cha nafasi mwishoni, jina kwenye diski linakuwa na nafasi hiyo. Wewe unaagiza, Windows inaikata, inakwenda kutafuta "Harusi Pongwe" isiyo na nafasi, na hiyo kweli haipo.

Nafasi haionekani kwa macho, kwa hiyo tuifungie kwenye mabano:

cd /d "D:\KAZI ZA ZAMANI"

for /f "delims=" %i in ('dir /b /ad') do @echo [%i]

Kila folda itatoka ndani ya mabano ya mraba. Angalia upande wa kulia. [Harusi Chumbageni] mabano yamegusa herufi, huyo hana tatizo. [Harusi Pongwe ] mabano yameachana na herufi kidogo, ndiye huyo. Folda ikiwa ndani zaidi, ingia kwa cd mpaka kwa mzazi wake kisha urudie.

Ukimpata, toka humo ndani na umwite kwa jina lake kamili, nafasi ikiwemo, ukitanguliza alama nne:

cd /d C:\

rd /s /q "\\?\D:\KAZI ZA ZAMANI\Harusi Pongwe "

Hizo \\?\ zinaiambia Windows ilichukue jina kama lilivyo bila kulinyoosha. Lazima uandike njia nzima kuanzia D, na mikwaju iwe ya kulalia kushoto. Njia hiyohiyo inafuta folda zenye majina ambayo Windows imeyaweka pembeni tangu enzi za DOS, mfumo uliotangulia Windows: CON, PRN, AUX, NUL, COM1 mpaka COM9, LPT1 mpaka LPT9. Usishangae, wapo wanaoita folda ya vifaa vya spika AUX wakiwa kwenye Linux, wakirudi Windows wanalia.

Kuna na wa nne anayejitokeza kwa wapenda kupanga. Windows kwa kawaida inahesabu njia yote ya faili, kuanzia herufi ya diski, na mwisho wake ni herufi 260. Ukiweka folda ndani ya folda, kila moja na jina refu kama kadi ya mwaliko, unavuka. Hapo tengeneza folda tupu, uiambie kompyuta iifanye ile ya zamani ifanane nayo:

mkdir D:\tupu

robocopy D:\tupu "D:\KAZI ZA ZAMANI" /mir

Kufanana na tupu ni kuwa tupu. Ikimaliza, zifute zote mbili kwa rd. Soma jina la folda ya pili mara mbili kabla ya kubonyeza Enter, maana robocopy haitakuuliza kama una uhakika.

Kama mstari utasema "corrupted and unreadable", acha kufuta. Hilo ni jeraha la diski, na kompyuta iliyozima ghafla umeme ulipokatika katikati ya kunakili inaweza kulipata. Nakili kwanza kila unachokihitaji kwenye diski nyingine, ndipo uandike chkdsk D: /f na uiache ifanye kazi hadi mwisho. Na ununue UPS, ile betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika, hata ndogo.

Mwanao anaweza kukushauri mrudi kwenye ile flashi ya Linux mfutie huko. Inawezekana, na kwa folda zenye nafasi mwishoni ni rahisi zaidi. Ila mkizima Windows kwa kitufe cha kawaida, mara nyingi haizimi kabisa, inalala nusu ili iwake haraka kesho, na Linux ikiikuta diski katika hali hiyo itaifungua kwa kusoma tu. Zimeni kwa shutdown /s /t 0 kwanza. Na akiambiwa hana ruhusa huko Linux, asihangaike kubadilisha ruhusa za faili analolifuta. Linux inaangalia kama una ruhusa ya kuandika kwenye folda iliyolibeba faili hilo.

Ukishawatoa wote, rudia rd yako ya mwanzo, safari hii bila sababu.txt ili uone kwa macho. Usingoje ikupongeze. Kidirisha kikirudi kwenye C:\> bila kuandika neno lolote, imefutika.