Kabla hujapaka rangi ramani ya kijiji: kwa mnaoanza kazi ya mipango Ayalandi

Kijiji cha kwanza nilichokabidhiwa kilikuwa na watu wasiofika mia tatu. Barabara moja, kanisa, shule ya msingi ya walimu wawili, baa mbili, duka lenye pampu ya mafuta mlangoni, na uwanja wa klabu ya GAA, chama cha michezo ya jadi ya Ayalandi, ukishatoka kidogo nje. Nilikuwa nimetoka chuo juzi tu, nina programu ya ramani kwenye kompyuta na hamu kubwa ya kazi. Siku ya tatu nilikuwa nimeshapaka rangi ya makazi, yaani kulitenga kwa ajili ya kujengwa nyumba, shamba moja tambarare upande wa kaskazini, eneo la kutosha nyumba arobaini.

Mhandisi wa maji alipoiona rasimu aliuliza swali moja: majitaka ya nyumba arobaini yataelekea wapi? Mtambo wa kijiji ulikuwa umeshajaa, na lile shamba liko bondeni kuliko bomba kuu, kwa hiyo kila ndoo ingehitaji kusukumwa kwa pampu kupanda juu. Wakati huo wenye shamba walikuwa wameshaiona ramani na wameanza mazungumzo na mkandarasi. Ilibidi nirudi nyumbani kwao, nikae mezani kwao, nipokee chai na mkate wa soda uliopakwa siagi, halafu niwaambie kwamba ile rangi inafutwa. Mama mwenye nyumba hakunifokea. Aliniuliza tu kwa nini sikuja kwanza kabla ya kuchora.

Swali hilo ndilo ninalowaletea ninyi mnaoingia kazini sasa, hasa mliosomea mipango kwetu Afrika Mashariki mkaja kufanya kazi katika halmashauri za kaunti au kampuni za ushauri huku. Kijiji hakipangwi kwa kuanza na nyumba mpya. Kinapangwa kwa kuhesabu kwanza kilicho nacho: bomba, nyumba zilizofungwa, njia ya kupita mtoto, na watu wenyewe. Nyumba mpya zitakuja baadaye, na zitajua pa kukaa.

Anza na bomba. Uisce Éireann, shirika la taifa la maji, hutoa kwa kila kaunti orodha ya mitambo ya majitaka na uwezo uliobaki, kwa rangi: kijani kuna nafasi, manjano nafasi ni ya wasiwasi, nyekundu hakuna. Isome orodha hiyo siku ya kwanza, kabla hujafungua ramani yoyote. Kisha usiishie hapo, mpigie simu anayeuendesha mtambo wenyewe. Rangi ya kijani inaweza kuwa imehesabiwa kabla klabu haijajenga vyumba vya kuogea, au mvua kubwa inaingia kwenye mabomba ya zamani na kuujaza mtambo kila majira ya baridi. Haya utayasikia kwake, kwenye orodha hayamo. Mkikuta mtambo umejaa, semeni wazi ndani ya mpango kwamba ardhi fulani itasubiri. Kuipaka rangi ardhi isiyo na huduma ni kuahidi kisichokuwepo, na watu hukopa benki kwa ahadi hiyo.

Pasipo bomba, watu hujenga kwa septiki, yaani tangi la majitaka la nyumba yenyewe ambalo maji yake hunywewa na ardhi, na hapo udongo ndio hakimu. Nawashauri mwende angalau mara moja mkashuhudie kipimo cha udongo kwa macho yenu. Huchimbwa shimo dogo, sentimita 30 kwa 30 na kina cha 40, linajazwa maji mara mbili ili udongo ushibe. Siku ya kupima linajazwa tena, na mpimaji anaangalia saa: yatachukua dakika ngapi maji kushuka kutoka sentimita 30 hadi 20? Nilisimama kwenye shamba moja la kaunti ya Leitrim mwezi wa Novemba, nimevaa mabuti ya mpira, nikiangalia maji yametulia mle shimoni kama yako kwenye beseni. Udongo wa mfinyanzi wa kule ni mzito mno. Kijana aliyetaka kujenga alikuwa amesimama kando yangu na baba yake, na hakuna aliyesema neno. Tangu siku hiyo, nikiandika kwamba eneo halifai kwa septiki, najua ninachokiandika na najua kinamwangukia nani.

Sasa njooni kwenye nyumba zilizofungwa. Sensa ya 2022 ilihesabu nyumba 166,752 zisizokaliwa katika nchi ambayo vijana wake wanalia kwa kukosa pa kuishi. Kijijini hutaziona ukipita na gari, kwa sababu nyingi zina mapazia na mlango uliopakwa rangi. Lazima utembee, na utembee na mwenyeji. Mimi nilitembezwa na mzee wa miaka themanini na ushei. (Ulimi wangu ulikuwa unataka kumwita mzee kila sentensi, lakini huku hata aliyekuzidi miaka hamsini anataka umwite kwa jina lake la kwanza, na ukimpa heshima ya kwetu anadhani unamwona hajiwezi. Mzoee mapema.) Alinyoosha fimbo mlango kwa mlango: huyu alikufa, watoto wako Boston; hapa mirathi haijaisha, ndugu watano na mmoja hajibu barua; pale chini lilikuwa duka la viatu, mwenyewe anakaa juu peke yake na anaogopa kupangisha. Katika mtaa wenye milango thelathini na minne, kumi na moja haikuwa na mtu, ukiuhesabu na ule wa duka. Kiirishi huita kijiji cha namna hii *sráidbhaile*, yaani mji wa barabara moja. Barabara hiyo ikifa katikati, kilichobaki pembezoni hakina tena kijiji cha kukizunguka.

Kwa nyumba hizo kuna zana, na ni kazi yenu kuzijua vizuri kuliko anayekuuliza. Mfuko wa Croí Cónaithe hutoa hadi yuro 50,000 za kukarabati nyumba iliyokaa tupu miaka miwili au zaidi, na hadi 70,000 ikiwa ni gofu. Kuna pia sheria ya maeneo yaliyotelekezwa ya 1990, inayoiruhusu halmashauri kutoza asilimia 7 ya thamani ya soko kila mwaka. Mimi naona ruzuku ishikwe kwa mkono wa kulia na tozo iwekwe nyuma ya mgongo. Nyumba nyingi zimefungwa kwa sababu ya huzuni na karatasi za mirathi, si kwa ulafi. Barua ya tozo ikitangulia, mlango unafungwa mara mbili. Andikeni kwanza barua ya kawaida yenye jina na simu ya mtu atakayepokea.

Mtakutana na hasira juu ya nyumba za shambani, zile zinazojengwa moja moja kando ya barabara nje ya kijiji. Sera ya taifa inataka watu wakae karibu na huduma, na kwa hesabu ya mabomba, barabara na basi la shule sera hiyo ina haki. Lakini kabla hujamwambia mtu hapati kibali kwenye ardhi ya baba yake, ijue historia. Njaa Kuu ilianza mwaka 1845, na vifo na uhamiaji havikuishia pale. Leitrim ilikuwa na watu zaidi ya 150,000 mwaka 1841, ikafika karibu 25,000 mwaka 1996, na sasa ni kama 35,000. Mtu wa huko akisikia serikali inamzuia mwanawe kujenga, anasikia kitu kilichoanza zamani sana.

Tena kule magharibi watu waliwahi kukaa kwa makundi, nyumba zimebanana na mashamba yamegawanywa vipande vipande. Bodi iliyoundwa 1891 kwa ajili ya wilaya zilizosongamana ndiyo iliyovunja mengi ya makundi hayo, ikampa kila mmoja shamba lake la kipande kimoja na nyumba yake juu ya shamba hilo. Sisi tuliozaliwa Tanzania tumesikia kinyume chake kwa babu zetu: Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu wakitolewa kwenye mashamba yao waje wakae pamoja. Bibi yangu alisimulia kuhusu mwembe aliouacha mpaka siku anafariki. Nilipomweleza hivyo mkulima mmoja mezani kwake, mazungumzo yetu yalibadilika. Hakukubaliana nami juu ya kiwanja, ila alianza kunionyesha mengine ya kijiji ambayo hakuwa ameyasema.

Na kumbukumbu ya karibu zaidi ni ya nyumba zilizokuja kwa wingi. Mwaka 1998 serikali ilianzisha nafuu ya kodi kwa wajenzi wa eneo la Shannon ya juu: Leitrim, Longford, na sehemu za Cavan, Roscommon na Sligo. Vijiji vidogo vikapewa mitaa mizima ambayo hakuna aliyeiomba. Mabenki yalipoanguka 2008 kazi zikasimama, na hesabu ya taifa ya 2010 ikakuta mitaa 2,846 ambayo haijakamilika, mingine haina taa wala lami, watoto wanacheza kati ya misingi ya zege. Mkiona wanakijiji wanapinga hata nyumba kumi, msiwaite watu wasiotaka maendeleo. Walishayaona.

Kwa hiyo fanyeni hesabu ndogo, mbele yao, kwenye ubao. Kaya ya Ayalandi kwa wastani ina watu 2.74. Nyumba ishirini ni kama watu 55. Kwa kijiji cha watu 280 hiyo ni karibu mtu mmoja mpya kwa kila watano waliopo. Wakija kwa miaka kumi, kijiji kinawajua majina. Wakija mwaka mmoja, wanabaki kuwa “wale wa mtaa mpya”. Mimi huandika awamu ndani ya mpango bila aibu: nyumba sita, nane, kisha tuangalie mtambo na shule, ndipo zinazofuata. Wajenzi hawapendi, maana faida yao iko kwenye wingi. Simameni hapo hapo.

Mafuriko nitayapitia haraka kwa sababu ramani zake zipo na ni nzuri, zitumieni. Nyongeza yangu ni moja: someni majina ya maeneo. Ayalandi ina vitongoji zaidi ya 60,000 vyenye majina ya kale, na jina lenye Annagh ndani yake mara nyingi limetokana na neno la kinamasi. Kama vile kwetu mtu asivyohitaji kuelezwa kwa nini mahali paliitwa Mtoni.

Mikutano ya hadhara hufanyika saa mbili usiku kwenye ukumbi wa parokia, na wanaosema ni walewale. Fika mapema upange viti, ondoka wa mwisho. Neno la maana utaambiwa nje, mtu ameshika mlango wa gari lake. Wasioweza kuja wafuate: mama mwenye mtoto mchanga, vijana wa miaka kumi na sita, mhudumu wa nyumba ya wazee aliyetoka Kenya anayepanga chumba juu ya baa na anayefanya kazi zamu ya usiku. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba kutoka baa hadi kazini hakuna njia ya miguu kwa mita mia nne, na kwamba hutembea na tochi ya simu imeelekezwa kwa madereva. Nilienda na futi kamba. Ukingo wa majani ulikuwa na sentimita 60. Watu wawili wapishane vizuri wanahitaji mita 1.8. Njia ile ndiyo iliyoingia ya kwanza kwenye mpango, kabla ya nyumba yoyote.

Waelezeni watu pia nani anaamua nini, kwa sababu wengi huchanganya. Madiwani hupigia kura mpango wa maendeleo wa kaunti. Kibali cha nyumba moja moja huamuliwa na uongozi wa halmashauri, si na diwani. Rasimu ya mpango ikitolewa kuna wiki zisizopungua kumi za kutoa maoni, na ni bure. Maombi ya kibali yakiingia, mwananchi ana wiki tano na hulipa yuro 20. Sheria mpya ya mipango ya 2024 inaingia kwa awamu, na mipango ya kaunti itakuwa ya miaka kumi badala ya sita, kwa hiyo kosa lako litaishi muda mrefu zaidi.

Jifunzeni neno *meitheal*. Ni watu wa jirani kukusanyika kumvunia mmoja wao, kesho wakamvunia mwingine. Kwetu tungesema msaragambo. Watu haohao ndio wanaofagia mtaa na kupanda maua kwa ajili ya mashindano ya Tidy Towns, yaliyoanza 1958. Ukitaka wakufanyie hesabu ya nyumba tupu au wapime njia za miguu, waombe. Wana daftari, wana kamati, na wanajua kuliko ofisi yako.

Na kabla hujaandika takwimu yoyote ya ongezeko la watu, mpigie mwalimu mkuu. Muulize wameandikishwa watoto wangapi tarehe 30 Septemba, maana idadi ya siku hiyo ndiyo inayoamua shule itapewa walimu wangapi mwaka unaofuata. Katika kijiji kile changu cha kwanza walikuwa wamebakiza watoto watatu wampoteze mwalimu mmoja. Nyumba tatu kati ya zile kumi na moja tupu zilifunguliwa baada ya miaka miwili, na katika mojawapo, ile iliyokuwa duka la viatu, waliingia wazazi na watoto wanne mwezi wa Agosti.