Snorkeli sawa, ila tabia ya kubana pumzi usiingie nayo kwenye mtungi

Mkuu, Jumamosi usiende kuzamia. Umeandika umepiga snorkeli (ule mrija wa kupumulia uso ukiwa majini) miezi kadhaa, unabana pumzi dakika nzima, na rafiki yako mwenye mitungi ya hewa ya kuzamia kasema kozi ya nini, atakushusha mita 10 tu uonje. Hayo hayo niliambiwa mimi nikaishia hospitali na maski ya oksijeni usoni.

Hiyo dakika unayojivunia ndiyo itakayokuponza. Ukiwa na snorkeli unavuta hewa juu, unazama, maji yanaibana hewa ya kifuani inasinyaa, ukirudi juu inarudi ilivyokuwa, kwa hiyo ukibana pumzi mwanzo mwisho mapafu hayapasuki. Kwenye mtungi hesabu inageuka. Regyuleta, kile kifaa cha mdomoni kinacholeta hewa ya mtungi, inakupa hewa yenye mgandamizo sawa na maji yaliyokuzunguka, na mita 10 chini mgandamizo ni mara 2 ya juu, sasa jaza lita 5 kule, funga koo, panda, ile hewa inataka kuwa lita 10 na kifua hakina pa kuiweka. Mapafu yanachanika, hewa ikiingia kwenye damu ikafika kwenye ubongo unapooza au unakufa. Na usidanganywe na hiyo "mita 10 tu", karibu na juu ndipo hewa inapotanuka vibaya kuliko kote, toka mita 30 hadi 20 inaongezeka theluthi moja, toka 10 hadi juu inakuwa maradufu. Hata kupanda mita moja na kitu kwenye bwawa la kuogelea kifua kikiwa kimejaa kunaweza kukuumiza.

Aliyenishusha mimi alisema wewe maji unayajua, pumua kawaida. Kawaida ipi? Mimi kawaida yangu chini ya maji ilikuwa kubana, ndivyo snorkeli ilivyonizoesha! Maji yakaingia kwenye maski, kuyatoa kwa pua nikiwa chini sikufundishwa, nikashtuka, nikajaza kifua nikafunga mdomo nikapiga miguu kwenda juu. Pale pale sikusikia kitu. Baadaye sauti ikabadilika, kifua kikauma katikati, na ngozi ya shingo ukiibonyeza inalia kama mfuko wa nailoni. Daktari akasema hewa imetoka kwenye mapafu imepanda hadi shingoni, nishukuru haikuingia kwenye damu. Yule jamaa alikuwa kashanishauri ni gesi ya tumbo, ninywe maji ya moto nilale. Hasira hazijaniisha mpaka leo. Mtu ana mitungi, ana kila kidude, halafu kitu ambacho kozi yoyote inakifundisha mwanzoni kabisa ama hakijui ama kaona hakuna haja ya kukisema.

Kwa hiyo shika hili: ukishapumua hewa ya mtungi USIBANE PUMZI, hata kidogo, hata ukipiga picha. Vuta, toa, vuta, toa. Regyuleta ikikutoka mdomoni, toa vipovu kidogo kidogo ukisema "aaaa" mpaka uirudishe. Kupanda ni polepole, wengi siku hizi wanafundisha isizidi mita 9 kwa dakika, na koo liko wazi muda wote.

Snorkeli yako haijapotea bure, kupumua kwa mdomo umezoea, masikio nadhani unayasawazisha na mgandamizo wa maji kabla hayajauma. Ila kuanzia sasa fanya mazoezi ya kukaa uso ndani ya maji, maski imejaa maji, unapumua kwa snorkeli bila kukatisha. Na kule kuhema haraka haraka kabla ya kuzama, kama unafanya, acha leo leo, hakuongezi oksijeni ya maana, kunafukuza kaboni dayoksaidi ambayo ndiyo inayokushtua uvute hewa, unazimia ndani ya maji bila onyo lolote.

Maski chukua inayofunika macho na pua na isiyovuja usoni kwako, ile ya uso mzima ya snorkeli haifai, regyuleta utaipitishia wapi?

Huyo rafiki yako muulize swali moja tu, mtu akiishiwa hewa mita 10 anapandaje? Akikwambia bana pumzi ukimbilie juu, au akicheka, mwachie mitungi yake. Tafuta mwalimu mwenye cheti anayekuanzishia kwenye maji ya kusimama na kukukemea kila akiona vipovu vimekata.