Trinity muiache kama ilivyo (ila kama ni lazima, nina masharti)

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Filamu gani ya zamani ya vichekesho ungependa itengenezwe upya, na waigize akina nani?", limenikera kidogo. Hii tabia ya kutengeneza upya kitu kizima tumeitoa wapi? Kwa hiyo hilo silijibu, najibu langu: filamu gani isiguswe. Ni Trinity. Ile ya kwanza ya 1970, ya ndugu wawili makauboi, Terence Hill (ndiye Trinity) yule mwembamba mvivu anayelala kwenye machela huku farasi anamburuta jangwani, na Bud Spencer (ndiye Bambino) yule bonge mwenye hasira aliyempiga risasi sherifu, akachukua nyota yake akajifanya sherifu yeye. Wakubwa zetu watakwambia makauboi wa Kitaliano wao waliwaona Drive-In pale Msasani kabla hapajawa ubalozi wa Marekani. Sawa, shikamooni, sisi wengine tumewakutia kibanda umiza, vile vibanda vya video vya mtaani.

Kwanza, watu wameshajaribu. Mwaka 1995 director yule yule, Enzo Barboni, alitoa ya watoto wa Trinity na Bambino, akaweka vijana wawili wapya, nani anaikumbuka? 2022 Waitaliano wakairudia ile nyingine ya hao hao Hill na Spencer, ya 1974, ya kigari chekundu chenye paa la njano, mi niliangalia mpaka ngumi ya kwanza nikazima. Ngumi haikuwa na uzito bana.

Maana Bud Spencer hakuwa bonge wa chipsi. Jina lake Carlo Pedersoli, mtu wa Naples, muogeleaji hasa, Mwitaliano wa kwanza kuogelea mita 100 chini ya dakika moja, hiyo ilikuwa 1950, akaenda Olimpiki ya Helsinki 1952 na ya Melbourne 1956. Hilo jina la Bud kalitoa kwenye bia ya Budweiser, Spencer kwa kumpenda Spencer Tracy. Wajerumani wa mji wa Schwäbisch Gmünd walimpa bwawa la kuogelea liitwe jina lake, na hapo walikuwa wanagombania liwe handaki la barabara, baraza likakataa. Sasa mtu kama huyo akikushindilia ngumi ya utosini unamwamini. Na ukiangalia vizuri humo ndani watu wengi hawafi, wanapigwa makofi tu, wanaamka wanapigwa tena. Barboni ndiye alishika kamera kwenye Django ya 1966, ile ya jeneza, nadhani damu ilishamtosha.

Halafu maharage. Mliosoma bweni mnanielewa. Trinity anaingia mle ndani kachoka, kajaa vumbi, anachukua sufuria yote, anakula mpaka anafuta na mkate, na kamera imetulia tu inamwangalia. Sisi ambao maharage tulikuwa tunayakimbia tulitoka pale na njaa ya maharage.

Ngoja niwaambie nilivyoiona mimi. Ilikuwa Morogoro, Mji Mpya, miaka ya mwisho ya tisini, kibanda cha mabati, mabenchi ya mbao, deki moja na TV ya kijungu. Mkanda wenyewe uliletwa na baharia mmoja na ulikuwa wa Kijerumani, kwa hiyo hakuna aliyekuwa anasikia kitu, ila kulikuwa na jamaa wa maiki anayetafsiri. Kijerumani alikuwa hajui hata salamu. Lakini alikuwa ameuangalia ule mkanda peke yake mchana, anasimama pembeni ya TV na fimbo ya kuonyeshea, anaanza.

Sasa hadithi ya Trinity, kwa ambao hawajaiona, ni kwamba kuna bonde zuri, kuna walokole wa Kimarekani, Wamormoni, wameweka makazi mle na dini yao haiwaruhusu kupigana, na kuna Major Harriman ana makundi ya farasi analitaka lile bonde liwe malisho yake. Mnaona inakoelekea. Morogoro! Kibanda nusu watu wa Kilosa, ambao hiyo habari ya wakulima na wafugaji kugombania ardhi wanaijua bila kutafsiriwa. Jamaa wa maiki akasema "huyu ndiye mfugaji, ana ng'ombe elfu tano ila humu ndani wanaonekana kama farasi kwa sababu ya mkanda," na watu wakakubali! Wamormoni akawafanya walokole wa Dumila. Bonge akamfanya OCS feki, yaani mkuu wa kituo cha polisi. Harriman akawa kila saa anapiga simu wilayani, kule jangwani, hakuna hata nguzo.

Kibanda kikagawanyika. Kuna mzee mmoja mfugaji alikuwa amekaa mbele, akasema mbona mnamwonea, farasi nao wanakula wapi? Mwingine wa nyuma akamjibu wakale kwako. Ikabidi mwenye kibanda asimamishe mkanda watu waelewane, na wakati umesimamishwa jamaa wa maiki hakunyamaza, akaendelea kumtetea Harriman kwa niaba yake, akasema hata yeye Major alikuja bondeni na kibali, sema kibali kimetolewa na mtu ambaye siye. Hapo kibanda kizima kikacheka mpaka yule mzee, maana hilo pande zote mbili zilikuwa zinalijua.

Tukafika pale Bonge na Mwembamba wanawafundisha walokole kupigana, na mchungaji wao anatafuta kwenye Biblia mstari wa kuruhusu ngumi. Hiyo imo kweli kwenye filamu, anaupata, kuna wakati wa vita na wakati wa amani. Jamaa akausoma Mhubiri sura ya tatu kwa sauti ya kanisani, kwa kichwa, na kwaya ya watu watatu wanne ikaitikia amina. Harriman kafika na watu wake, silaha zimewekwa pembeni, kofi la kwanza limetua, umeme ukakatika.

Hakuna aliyetoka. Watu wamelipa kiingilio. Giza tupu, mabati bado yanatoa joto la mchana, mtu wa nyuma akasema "malizia". Jamaa akamalizia, gizani, bila maiki, anapiga ngumi benchi kwa kila kofi. Kwa mwisho wake Bonge akapandishwa cheo akawa OCS kweli, Harriman akakatiwa mapito ya kupeleka mifugo mtoni, na Mwembamba akaoa wale mabinti wawili wa Kimormoni, mtu na dada yake. Hapo ubishi ukaanza upya, mlokole anaozaje binti wawili kwa mtu mmoja, akajibiwa dhehebu lile enzi zile walikuwa wanaruhusu (na ni kweli), haya mahari je? Mahari akatoa farasi. Farasi wangapi? Yule mzee wa mbele ndiye aliyekadiria, na alikuwa mkali, kwa dada wawili hakushuka.

Miaka baadaye nikaiona yote. Kumbe mwisho wake Bambino alikuwa anawataka wale farasi aibe, mdogo wake kawagawa kwa Wamormoni na wameshapigwa chapa, jitu limekasirika linaondoka peke yake. Na Trinity aliposikia ndoa inakuja na kazi za shamba, huyoo, kalala kwenye machela yake anamfuata kaka. Nzuri sana. Ila mahari haipo.

Na hapa ndipo naanza kujichanganya, maana nilikuja kusema isiguswe, sasa ipi hiyo isiyoguswa? Hata sauti zenyewe zilipachikwa baadaye. Bud Spencer hata Italia kwenyewe hakusikika kwa sauti yake, lafudhi ya Naples waliiona haifai, akawekewa ya mtu mwingine, Glauco Onorato. Terence Hill naye hivyo hivyo, sauti ya Pino Locchi. Ujerumani kulikuwa na fundi anaitwa Rainer Brandt, sifa yake ni kupachika kwenye filamu utani ambao wenyewe hawakuusema, na Wajerumani ndio wanaupenda hadi leo. Terence Hill, jina halisi Mario Girotti, mama yake alikuwa Mjerumani na sehemu ya utoto wake kaipitisha jirani na Dresden. "Marekani" yote ile ni Italia. Mmarekani anayejulikana pale ni adui, Farley Granger (ndiye Major Harriman), aliyewahi kuwa sterling kwenye filamu ya director Hitchcock 1951, akaishia kupigwa makofi Italia. Kwa hiyo jamaa wa maiki alikuwa anafanya kazi ya Rainer Brandt bila kulipwa.

Basi nalegeza. Sauti iguswe, picha iachwe. Mtu achukue ile ile aweke Kiswahili chake, sitalalamika.

Na mkinibana kabisa niseme waigizaji, Bambino angekuwa marehemu Mzee Majuto, Mungu amrehemu, mwili hakuwa nao lakini ile sura ya mtu anayetaka kuiba kwa amani halafu ndugu yake anamletea kesi, hakuna aliyekuwa nayo kama yeye. Kwa walio hai, Trinity mpeni Joti lakini asibadilishe nguo filamu nzima. Bambino mtafuteni mcheza judo wa jeshini ambaye hajawahi kuigiza, mkipeleka mwigizaji ataanza kuchekesha na mtaharibu, Bud Spencer alikuwa hachekeshi, alikuwa amekasirika tu. Bonde liwe Kilosa, ng'ombe badala ya farasi. Maharage sufuria nzima, shoti moja, msikate. Major sijampata bado, ila asiwe mtu wa kuonekana mbaya tangu mlangoni, na kile kibali chake kionyeshwe. Mkifanya hivyo naweza kuja kuangalia. Ikitoka mbaya, mi nilishasema isiguswe.