Maswali ya Wasomaji: Intaneti Inayokwama na Televisheni Inayokatika

Wasomaji wa Lubumbashi wametuandikia mengi kuhusu intaneti ya nyumbani na televisheni ya dishi. Tumechagua barua tatu, na ya kwanza tumeijibu kwa urefu zaidi, kwa sababu shida inayoelezwa ndani yake ndiyo inayowafanya watu wengi wanunue vifaa wasivyovihitaji.

SWALI: Nyumbani kwetu Bel-Air tuna intaneti ya faiba, na mkataba unasema megabiti 20 kwa sekunde. Asubuhi inakwenda vizuri, lakini kuanzia saa moja jioni watoto hawawezi kufuata masomo ya video, na tukizungumza na baba yao aliye kazini Kolwezi, picha hukwama. Kila tukipiga simu kwenye kampuni tunaambiwa kwamba ruta yetu ndiyo mbovu na tununue nyingine. Je, ni kweli? (Mama wa watoto wanne, komini ya Kampemba)

JIBU: Mama, tafadhali usitoe fedha bado. Ruta iliyoharibika husumbua mchana na usiku. Inayofanya kazi vizuri asubuhi na kulemewa jioni tu, mara nyingi haina kosa. Jioni kuna mambo mawili yanayobadilika. Kwanza, majirani wanarudi nyumbani na kuwasha Wi-Fi zao, na mawimbi yanasongamana hewani. Pili, wateja wote wa kampuni wanaingia mtandaoni kwa wakati mmoja, na msongamano unakuwa katika njia ya kampuni yenyewe. Jambo la kwanza unaweza kulitatua wewe, la pili huwezi, na kuna kipimo kimoja kinachoyatenganisha.

Azima kompyuta ikiwa huna, iunganishe na ruta kwa kebo, zima vifaa vingine vyote vinavyotumia intaneti, kisha pima kasi asubuhi na upime tena saa mbili usiku. Rudia kwa siku kadhaa mfululizo, ukiandika kila kipimo na saa yake kwenye daftari. Kama kebo inakupa karibu megabiti 20 nyakati zote mbili, lakini simu inayotumia Wi-Fi inapata chache, tatizo liko ndani ya nyumba. Kama hata kwa kebo kasi inaanguka usiku, ruta mpya haitakuletea nafuu yoyote, na kampuni ndiyo inayopaswa kujibu. Unapopima, usichanganye biti na baiti: biti 8 ni baiti 1, kwa hiyo mtu mwenye megabiti 20 akiona faili linashuka kwa megabaiti 2.5 kwa sekunde, anapata haki yake yote. Soma pia mkataba wako upya, kwa maana ukiandikwa “hadi megabiti 20”, neno hilo “hadi” linaipa kampuni nafasi ya kukupa pungufu bila kuvunja ahadi yake.

Ikiwa kosa ni la Wi-Fi, tazama kwanza mahali ruta ilipo. Nyumba zetu nyingi ni za matofali ya kuchoma yenye kuta nene, na ruta huwekwa nyuma ya televisheni au ndani ya kabati, ambapo mawimbi hufa kabla ya kufika chumbani. Iweke juu, mahali pa wazi, katikati ya nyumba. Ruta nyingi za sasa hutoa mawimbi ya aina mbili: yale ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, lakini ndiyo yanayosongamana na ya majirani. Yale ya gigahezi 5 ni ya haraka na yana nafasi kubwa, ila hayaendi mbali. Watoto wakisomea chumba kile kile chenye ruta, watumie ya gigahezi 5. Kwa ya 2.4, mwombe anayejua kompyuta aingie katika mipangilio na kuchagua chaneli 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani, akichukua ile inayotumiwa na majirani wachache.

Ikiwa kosa ni la kampuni, ni vema ujue linakoweza kutokea, ili usiridhishwe na jibu la haraka. Katika mfumo wa faiba unaotumika sana majumbani, waya mmoja hubeba takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde, na hugawanywa kwa nyumba 32 au 64. Hapo kwa kawaida hakuna uhaba. Uhaba huja mbele zaidi, pale kampuni inaponunua uwezo mdogo wa kwenda nje kuliko ule iliowauzia wateja wake, na mimi naona huo ndio mtindo unaotuumiza zaidi mjini. Lubumbashi iko mbali na bahari. Mawasiliano yetu husafiri nchi kavu, mengine kusini kupitia Kasumbalesa na Zambia, mengine yakielekea magharibi hadi pwani ya Muanda, ambako kebo ya bahari ya WACS ilifunguliwa mwaka 2013. Kebo hiyo ilikatika Agosti 2023 katika korongo la chini ya bahari la mto Kongo, ikaathirika tena Machi 2024 karibu na pwani ya Côte d’Ivoire. Siku za namna hiyo hata kampuni iliyo makini huelemewa, na inachotakiwa ni kuwaeleza wateja wake ukweli. Lakini kukatika kwa kebo hakungoji saa moja jioni kila siku.

Nikuongezee tahadhari mbili. Kwenye kisanduku cha faiba kuna taa iliyoandikwa LOS: ikiwaka au kumetameta nyekundu, mwanga unaobeba intaneti ndani ya faiba haufiki kwako, yaani waya umekatika au umekunjwa mno mahali fulani, na hakuna utakachofanya ila kupiga picha taa hiyo na kuita kampuni. Tahadhari ya pili ni kile kitundu kidogo nyuma ya ruta ambacho watu hukitia sindano wakiambiwa “anzisha upya”. Kuanzisha upya ni kuzima umeme wa ruta, kungoja kidogo na kuwasha. Kitundu kile hufuta mipangilio yote iliyowekwa na fundi, na baada ya hapo nyumba hukaa bila intaneti hadi aje tena, pengine kwa malipo.

SWALI: Mvua ikianza tu, picha ya televisheni yangu ya dishi inavunjika na kupotea. Mafundi wawili waliokuja kwa nyakati tofauti wamenitaka ninunue dekoda mpya. (Msomaji wa Katuba)

JIBU: Dekoda imekaa ndani, haiguswi na mvua. Mawimbi ya dishi dogo yana masafa ya gigahezi 10 hadi 12 na zaidi, na matone ya mvua kubwa huyanyonya na kuyatawanya kabla hayajafika kwako; katika masika yetu, kuanzia Novemba hadi Machi, hilo litatokea hata kwenye dishi lililofungwa vizuri kabisa. Swali la kujiuliza ni hili: picha inarudi lini? Ikirudi dakika chache baada ya mvua kubwa kupita, ni mvua yenyewe, na dawa yake ni kusawazisha dishi upya au kuweka kubwa zaidi, kwa sababu dishi la sentimita 90 hukusanya mawimbi zaidi ya mara mbili ya lile la sentimita 60. Ikikaa vibaya hadi jua la kesho yake, maji yameingia.

Mtu apande pale kwenye dishi na kufungua kile kichwa cha skrubu kinachounganisha kebo na LNB, yaani kifaa kidogo kilicho mbele ya dishi kinachopokea mawimbi. Waya wa shaba ulio katikati ukiwa umegeuka kijani au mweusi, na nyuzi zinazouzunguka zikiwa na unyevu, ugonjwa umeonekana. Kata kipande hicho mpaka ufikie shaba inayong’aa, weka kichwa kipya, kizungushie utepe wa mpira usiopitisha maji, kisha iache kebo ining’inie kidogo chini ya LNB kabla ya kupanda ukutani, ili maji yadondoke badala ya kuufuata waya. Kazi hiyo ni ya bei ndogo sana ukilinganisha na dekoda, na fundi anayetaja dekoda kabla hajapanda juu ya nyumba hastahili fedha zako.

Mwambie pia akuonyeshe, kwenye menyu ya dekoda, mistari miwili ya nguvu na ubora wa mawimbi, siku isiyo na mvua. Ubora ukiwa mdogo wakati mbingu ni safi, dishi limesogezwa na upepo. Kupinda kwa digrii mbili tu kunatosha kuharibu. Na picha ikipotea kwa dakika chache, saa ile ile ya mchana, siku kadhaa mwishoni mwa Machi au katikati ya Septemba, usiguse kitu chochote: jua linapita nyuma kabisa ya setilaiti na kuyafunika mawimbi yake, kisha linaendelea na safari.

SWALI: Nililipia abonema ya televisheni kwa simu, nikapata ujumbe wa malipo, lakini chaneli zilikaa siku tano bila kufunguka. Sasa naambiwa siku hizo zimeshahesabiwa. Je, zimepotea? (Mzee wa Ruashi)

JIBU: Baba, anza kwa kulinganisha namba ya dekoda iliyo kwenye ujumbe wa malipo na ile iliyobandikwa chini ya dekoda, kwa kuwa tarakimu moja ikikosewa, fedha hufungua televisheni ya mtu mwingine. Namba zikilingana, fahamu kwamba amri ya kufungua chaneli hupitia setilaiti, na dekoda iliyozimwa haiipokei. Kwa hiyo ukishalipa, iache imewaka kwenye chaneli mojawapo kwa nusu saa hivi. Kama uliiacha imewaka na chaneli hazikufunguka, siku tano ni zako, na uzidai kwa maandishi, kwa sababu malalamiko ya simu hayaachi alama yoyote mkononi mwako.

Andika barua fupi yenye tarehe ya malipo, namba ya muamala, namba ya dekoda na siku ambazo hukupata huduma, na ombi moja tu lililo wazi, kwamba siku tano ziongezwe kwenye abonema yako. Toa nakala mbili. Moja ibaki kwenye ofisi yao, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na usiondoke dirishani bila muhuri huo, hata wakikuambia mkubwa hayupo. Wasipojibu, nakala hiyo ndiyo utakayopeleka Divisheni ya Uchumi ya mkoa. Wasomaji wenye shida ya intaneti, kama yule mama wa Kampemba, watafuata njia hiyo hiyo, wakiambatanisha ukurasa wa vipimo vyao vya asubuhi na usiku, isipokuwa wao baada ya kampuni wataiandikia ARPTC, mamlaka ya mawasiliano iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2002.