Muulize Shangazi: Saa 24 za Njiro na Saa 24 za Unga Limited

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 23, nakaa mtaa wa Unga Limited na mama na wadogo zangu wawili. Nachambua mitumba soko la Kilombero, magauni na blauzi, halafu nauza mtandaoni. Kuna dada nilisoma naye sekondari, kwao ni Njiro, mtaa wa wenye nazo, baba yake ana magari ya watalii. Ana wafuasi 180,000. Mwezi uliopita aliposti video amekaa kwenye bembea ya bustanini kwao, glasi ya juisi mkononi, akasema vijana wa Arusha ni wavivu. Eti saa 24 alizonazo yeye ndizo tulizonazo sote, na mtu ambaye hajatoka kimaisha mpaka leo ajiulize analala saa ngapi.

Siku hiyo nilikuwa nimeamka saa 10 alfajiri kupanga foleni ya maji. Nikajirekodi na ndoo yangu kichwani, nikamjibu. Nilikuwa na wafuasi 4,200. Video ikatazamwa mara 310,000 ndani ya siku tatu, sasa nina wafuasi 27,000. Watu wanadai sehemu ya pili. Kuna kaka mmoja anajiita meneja wangu, anasema nisiache moto upoe.

Shida yangu ni hii. Najua jambo la huyu dada la kidato cha tatu, la kiafya na la kifamilia, na meseji zake bado ziko kwenye simu yangu ya zamani. Meneja anasema nikizimwaga hizo nimetoboa. Kampuni moja ya kubeti nayo imeahidi 150,000 nikivaa fulana yao kwenye hiyo sehemu ya pili. Kodi tumechelewa miezi miwili. Nifanyeje?

Binti wa Ndoo, Arusha

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa jikoni, na mtori ukashika chini ya sufuria. Wateja wangu wa leo wanakudai.

Video yako niliiona kabla hujaniandikia, mpwa wangu alinionyesha. Pale uliposhusha ndoo ukaanza kuhesabu kwa vidole, saa mbili foleni ya maji, saa moja na nusu ndani ya kifodi, daladala yetu ya Arusha, kwenda na kurudi, saa tatu kufungua belo la mitumba ambalo nusu yake ni matambara, nilipiga meza. Ulisema kweli. Hilo halina mjadala.

Ila mwenzako wa Njiro hakuyaanzisha yeye hayo maneno. Uingereza kuna binti anaitwa Molly-Mae Hague, alipata jina kwenye kipindi cha Love Island mwaka 2019. Mwishoni mwa 2021 alihojiwa, akasema Beyoncé ana saa 24 zile zile tulizonazo sisi wengine. Kipande hicho kilipoanza kuzunguka Januari 2022, Uingereza nzima ilimshukia, wakamkumbusha mama anayefanya kazi mbili na kulea watoto peke yake. Akaomba radhi. Wakati huo alikuwa na cheo kikubwa kwenye kampuni ya nguo ya PrettyLittleThing, na hicho cheo alibaki nacho mpaka mwaka 2023 alipoondoka. Mwaka 2024 akafungua chapa yake mwenyewe ya nguo.

Nakusimulia hayo ili uone nani anatukanwa na nani anaendelea kula. Mwenye mgongo akianguka anaangukia godoro. Mimi nimeingia kwenye ukurasa wa huyo dada yako wa Njiro jana usiku, nikaangalia. Alikuwa na 180,000 kabla hujabeba ndoo yako mbele ya kamera. Sasa ana 203,000. Wale waliokwenda kumtukana kwa ajili yako walibonyeza kumfuata ili kesho wasikose kumtukana tena.

Hizi mashine za mitandao ndivyo zilivyopangwa. Mwaka 2021 mfanyakazi wa zamani wa Facebook, Frances Haugen, alitoa nyaraka za ndani za kampuni. Humo ikaonekana kwamba kuanzia mwaka 2017 alama ya uso wenye hasira ilihesabiwa sawa na laiki tano pale mtambo ulipoamua nani aonyeshwe nini. Tano! Mtu akikulaiki unapata moja, akikukasirikia unapata tano. Baadaye wakapunguza, na mwaka 2020 hasira ikawekwa sifuri, lakini watu walishajifunza kuongea kwa namna ya kuudhi, na wamewafundisha wadogo zao. Kuna mchumi wa Marekani, Herbert Simon, alishasema tangu 1971 kwamba habari zikiwa nyingi, kinachoadimika ni macho na akili ya kuzisoma. Sisi huku tuna neno fupi zaidi, tunaita kiki, yaani kuvuta macho ya watu kwa visa. Siwezi kuapa kwamba huyo dada alipanga. Ila ile bembea, ile glasi, na kamera iliyosimama vizuri namna ile... mimi nina miaka 56, binti yangu.

Sasa nikwambie yangu, maana huenda unadhani nasoma tu magazetini.

Miaka miwili iliyopita niligombana na kondakta wa kifodi pale Kilombero. Nilimpa elfu moja, chenji ikapungua 200. Nikasimama mlangoni, kapu mkononi, nikasema gari haliondoki. Akaniambia, "Mama, tulia basi." Nikamjibu, "Mimi si mama yako, mimi ni abiria!" Kijana mmoja siti ya nyuma alikuwa anarekodi. Sekunde 19. Kufika jioni nilikuwa stika ya WhatsApp, nimenyoosha kidole, kilemba kimepinda. Mchungaji wetu alinitumia, masikini, hakujua kwamba ni mimi.

Nina kibanda cha chakula Kijenge: mtori, ndizi nyama, chapati. Kesho yake watu walijaa. Nikamwambia binti anayenisaidia, Mungu kajibu, kanda unga mara mbili. Walikuja watatu watatu, wanaagiza chai moja, wanashika simu, "Mama, sema kidogo ile ya abiria." Nilisema. Siku ya kwanza nilisema mara 11, nikicheka. Mafundi wa gereji ya jirani, wateja wangu wa miaka sita, wanakula saa 7 mchana na wanalipa kila Jumamosi bila kukumbushwa, walifika wakakosa pa kukaa. Wakasubiri siku mbili. Siku ya tatu wakahamia kwa jirani. Siku ya kumi niliamka nikakanda unga wangu mara mbili kama kawaida, nikakaa. Saa 9 alasiri nilikuwa na chapati 60 kwenye beseni, nimezifunika kitambaa, na paka mlangoni. Tulikula chapati mpaka Ijumaa. Mafundi wengine walirudi baada ya mwezi, watatu hawakurudi mpaka leo.

Kwa hiyo nikisikia mtu ana wafuasi 27,000 huwa nauliza wangapi wanakula. Tupige hesabu yako. Tuseme gauni moja unauza 8,000 na unabaki na 3,000. Zile 150,000 za fulana ni faida ya magauni 50. Tangu umepanda, wangapi wameuliza saizi? Nimepitia maoni chini ya video yako, nikachoka kabla hayajaisha: kucheka, kutukana, kutukanana wao kwa wao, "malkia wa ndoo", "mmalize huyo". Aliyeuliza kama una gauni la saizi 14 nilimwona mmoja. Hujamjibu.

Na huyo meneja, kakwambia pesa inatokea wapi? Mpango wa TikTok wa kulipa kwa idadi ya watazamaji uko kwenye nchi chache, kama Marekani, Uingereza na Ufaransa. Tanzania haimo. Huku kwetu unabaki na zawadi za laivu na matangazo ya kujitafutia. YouTube wanalipa, ila njia yao ya kawaida ni wafuasi 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Wewe ulishatuhesabia kwa vidole saa zinazokubakia kwa siku.

Hiyo fulana siipendi, nikueleze kwa nini. Wavulana wa hapo mtaani kwenu wanaopoteza pesa ya kula kwenye mikeka ya kubeti ndio hao hao watakaokuona umeivaa, na watakuamini kwa sababu una ndoo kama ya mama zao. Kodi ni kodi, najua, na ukiivaa sitakuita majina. Lakini kwanza nenda kaongee na mwenye nyumba. Mpelekee hata 40,000 mkononi, usimtumie meseji.

Meseji za kidato cha tatu: hapana. Hizo hata nikiwa usingizini nakujibu hapana.

Tuanze na sheria, maana meneja wako hajaigusa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumnyanyasa mtu mtandaoni, na faini yake haipungui milioni 5, au jela isiyopungua miaka mitatu. Kisha kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo inaziweka habari za afya ya mtu kwenye taarifa nyeti. Baba mwenye magari ya watalii ana wakili kwenye simu yake. Wewe una mama na wadogo wawili. Na laini imesajiliwa kwa kidole chako, akaunti ina sura yako. Meneja atakuwa wapi siku hiyo? Atakuwa meneja wa mtu mwingine.

Halafu liko jambo ambalo halihusu polisi. Mkiwa kidato cha tatu, huyo msichana mwenye bustani na bembea alikuwa na tatizo, na kati ya watu wote aliamua kukuandikia wewe. Leo anaongea upuuzi kuhusu maskini, na umemjibu mbele ya watu, imeisha. Ya wakati ule ni ya wakati ule. Zifute. Meneja anajua zipo, kwa hiyo hiyo simu ya zamani usimwachie hata kwa dakika, hata akisema anaazima chaja.

Sehemu ya pili itoe, kwa nini usitoe? Watu bado wanaangalia, ingawa mimi nakupa kama siku kumi, kwa uzoefu wa chapati. Fungua belo laivu, hapo hapo nyumbani, na ndoo ionekane pembeni kwa sababu wameizoea. Toa gauni moja moja, taja saizi, taja bei, onyesha na tundu kama lipo. Wa Njiro usimtaje kabisa. Watakaokimbia ni wale waliokuja kuangalia ngumi, waache waende. Na yule wa saizi 14 mjibu leo.

Shangazi, salamu kutoka Marangu.

Mimi na mume wangu tuna nyumba ya wageni ya vyumba sita karibu na lango la Kilimanjaro. Kijana mwenye wafuasi 90,000 ameomba kulala siku tatu bure, yeye na mwenzake, na milo yote, ili atuposti. Mume wangu alipokataa, akasema anaweza kutuchafua tukakosa wageni. Tumeogopa kidogo.

Mama wa Vyumba Sita

Msiogope kidogo, wala sana. Wageni wenu ni nani? Wajerumani, Waholanzi, watu wanaopanda mlima, na wengi wanaletwa na kampuni za utalii za Moshi na Arusha. Huyo kijana anachekesha watu kwa vichekesho vya mama mkwe. Nimemtazama, anachekesha kweli, lakini Mholanzi wa njia ya Marangu hamjui. Mwambieni awaonyeshe kwenye simu yake takwimu za ukurasa, wafuasi wake wako nchi gani na mji gani. Zipo humo humo ndani, mwenye akaunti ya biashara anaziona. Akigoma kuonyesha mmeshajibiwa.

Hicho kitisho chake, kama kiko kwenye maandishi, kihifadhini, na msimjibu kwa hasira maana jibu lenu ndilo litakalopostiwa. Mwandikieni mstari mmoja wa heshima: bei ya chumba, bei ya chakula cha mchana, karibu sana. Kisha waombeni wageni wanaoondoka wiki hii waandike maoni yao kule wanakowekea nafasi. Wazungu huandika kirefu kweli wakipewa kahawa ya mlimani asubuhi na mtu wa kuwasikiliza magoti yanavyouma.

Shangazi, ile video yako na kondakta bado ipo mtandaoni?

Msomaji, Sakina

Ipo. Juzi kuna mtoto wa darasa la tatu alinipita hapa Kijenge akaninyooshea kidole, "Mimi ni abiria!" Nikampa nusu chapati. Mia mbili yangu sijarudishiwa.