Kabla Hujanunua Kamera Ndogo

Kila Desemba nikifika nyumbani Bondo, swali huwa ni lile lile. "Mwalimu, si una simu? Hicho kidude kingine ni cha nini?"

Kidude chenyewe ni kamera ya Canon, PowerShot A1200, nyeusi, imechubuka pembe mbili, na mlango wake wa betri siku hizi unashikiliwa na raba ya kufungia pesa. Niliinunua ikiwa tayari imetumika, shilingi 3,800, na huu ni mwaka wa saba tuko pamoja. Jioni chakula kikishaliwa, hao hao waliokuwa wakinicheka ndio hujipanga: nipige na mama, nipige na huyu mtoto kabla hajalala, ngoja nivae shati. Na ndio hao watakaonipigia simu mwezi wa tatu kuuliza picha ziko wapi.

Mwezi huu watu watatu hapa Kisumu wameniuliza wanunue kamera gani ndogo ya bei nafuu. Nimechoka kurudia maneno, kwa hivyo nayaandika mara moja.

Nianze na jambo ambalo muuzaji hatakwambia. Simu nzuri ya leo inaishinda kamera hii gizani, tena mbali. Kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga ni kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na usiku kinahangaika: picha inatoka na chengachenga kama unga wa wimbi uliomwagika. Simu nayo hupiga picha kadhaa kwa mfululizo na kuziunganisha kabla hata hujajua. Kama unataka kupiga picha za disko, tunza pesa zako.

Mbona basi ninayo? Kwanza, zumu yake, ile ya kuvuta cha mbali kiwe karibu, ni ya lenzi yenyewe kusogea, si ya kukuza picha hadi ikatike vipande. Pili, flashi yake ni flashi kweli, si taa ya tochi. Tatu, haiitwi na mtu yeyote. Nikiwa nayo mkononi hakuna ujumbe wa karo wala kundi la wazazi. Ninaangalia tu kilicho mbele yangu. Na ikianguka ziwani nitalia siku moja, si mwaka mzima.

Sasa kununua. Kamera yangu ya kwanza ilikuwa hasara tupu, na kosa lilikuwa langu. Niliipata kibandani mjini, inang'aa, muuzaji ameshaiwekea betri na kadi yake ya kuhifadhia picha, nikapiga picha ya paa, nikaona ni nzuri, nikalipa. Alipotoa kadi yake ndipo mambo yalipoharibika. Kamera ilikuwa inatumia kadi za xD, zile Olympus na Fujifilm walizokuwa wakizitumia zamani. Hazitengenezwi tena. Nilizunguka wiki mbili, kuanzia maduka ya Oginga Odinga Street hadi soko la Kibuye Jumapili, na kila mahali nikiulizwa, "xD ndiyo nini?" Chaja nayo haikuwepo, na betri yake ilikuwa ya umbo lake peke yake, haifanani na nyingine yoyote.

Kwa hivyo ukienda kununua, beba kadi yako mwenyewe ya SD mfukoni. Isipoingia, rudi nyumbani. Ikiingia, bado angalia kama inasomwa, maana kamera nyingine za zamani sana zinakubali kadi za GB 2 kushuka chini tu. Ukiweka ya GB 8 zinakuandikia kosa kwenye kioo.

Halafu chagua inayotumia betri za kawaida za AA. Hili ninalisema kwa moyo wote. Betri maalumu ya kamera iliyotoka mwaka 2011 imeshazeeka, na mpya utakayouziwa huenda ni ya kuiga. AA utazipata mpaka kwenye duka la kijijini lenye sukari na mafuta ya taa. Lakini zile za bei ya chini, zile ambazo nyanya yangu huziita mawe ya redio, zitakuaibisha: picha kumi, flashi mara tatu, kwisha. Redio hunywa kidogo kidogo. Kamera hunywa kwa mkupuo. Nunua betri nne za kuchajiwa za NiMH, mbili ndani, mbili mfukoni. Kila moja imeandikwa volti 1.2 badala ya 1.5 na wengi huogopa wakifikiri ni dhaifu, lakini ndizo zinazostahimili mkupuo huo. Zikikaa mwezi mzima bila kazi hupungua zenyewe, kwa hivyo zichaji usiku wa kuamkia shughuli, si wiki iliyopita.

Ukiwa kibandani usione haya. Washa, zima, washa tena. Vuta zumu hadi mwisho ukiwa umeiweka karibu na sikio. Ukisikia mkwaruzo, kuna mchanga kwenye lenzi, na mchanga huo siku moja utaifanya lenzi ikwame nje kama ulimi wa mbwa. Piga picha ya anga tupu kisha uikuze kwenye kioo. Madoa meusi yasiyohama ni vumbi lililoingia ndani, na huwezi kulipangusa na shati. Fungua mlango wa betri: ukiona unga wa kijani au mweupe kwenye vile vyuma, betri ziliwahi kuvujia humo. Mlango wenyewe uangalie vizuri pia. Wangu ulilegea mwaka wa pili, na ndiyo hadithi ya ile raba.

Kitu kimoja kilichonifanya niichukue A1200 badala ya nyingine zilizokuwa pale mezani ni kile kidirisha cha kuchungulia. Kamera ndogo nyingi hazina. Simama ufuoni Dunga saa saba mchana, jua likiwa utosini, utaelewa: kwenye kioo hauoni kitu ila uso wako mwenyewe na jasho. Kidirisha hakijali jua. Tatizo lake ni kwamba hakioni sawasawa na lenzi. Mtu akiwa karibu sana utadhani umemweka katikati, kumbe amehama pembeni, kwa hivyo acha nafasi.

Jua lenyewe ndilo somo kubwa kwetu sisi wa huku. Ikweta inapita Maseno, hapo juu tu kwenye barabara ya Busia. Mchana jua linasimama juu ya kichwa na kumchimba mtu mashimo machoni. Hata shangazi mrembo anatoka kama ameamka na homa. Nilihangaika miaka miwili nikidhani kamera ni mbovu, mpaka nikajifunza kuwasha flashi mchana. Watu wanacheka, "Mwalimu, jua lote hili bado unawasha taa?" Wacheke. Flashi inajaza yale mashimo. Ila mtu awe ndani ya hatua nne hivi. Zaidi ya hapo unaumulika upepo.

Na kuna jambo la rangi yetu. Kamera hizi hukadiria mwanga wa picha nzima. Mweke mtu mweusi mbele ya ziwa linalometa na anga jeupe, nayo itasema, hapa pana mwanga mwingi, ngoja nipunguze. Ziwa linatoka zuri; mtu anatoka kama chungu cha kupikia. Picha zangu zote za mwaka wa kwanza ziko hivyo, ndugu zangu wamegeuka vivuli. Dawa ni mbili. Mgeuze awe na ukuta au miti nyuma yake, si maji. Au kama ni lazima ziwa lionekane, toka kwenye ile alama ya AUTO, weka P, tafuta kipimo chenye alama za kujumlisha na kutoa, ukipandishe hadi theluthi mbili au moja kamili. Anga litapauka. Lipauke, hukuja kupiga picha ya anga. Usiku ni kinyume: chumba cheusi, flashi kali, paji la uso linang'aa kama sufuria. Rudi hatua moja nyuma, na mpe leso ajifute kwanza.

Watu pia hulalamika kwamba kamera ndogo inachelewa. Mtoto ameruka, wewe umebonyeza, picha inaonyesha amekwisha tua na anakimbia kuja kuiona. Kuchelewa huko ni kwa sababu inatafuta kwanza mahali pa kulenga. Bonyeza kitufe nusu, subiri mlio, usiachie kidole, halafu malizia wakati wenyewe ukifika. Hili nililijifunzia Dunga, alfajiri mashua za omena zikirudi na taa zake. Mvuvi akirusha kamba ufuoni, hairuki mara mbili kwa ajili yako. Ukishalenga mapema pale atakaposimama, kidole kikawa tayari nusu, unampata. Muombe ruhusa kabla, na ukimwahidi picha, mpelekee. Ufuo una kumbukumbu ndefu.

Zumu nayo ina gharama ambayo haisemwi. Kwenye kamera yangu imeandikwa 2.8 hadi 5.9 mbele ya lenzi. Maana yake kwa mtu wa kawaida ni kwamba ukivuta hadi mwisho, mwanga unaoingia ni chini ya robo ya ule wa mwanzo. Ndiyo sababu picha za kanisani ulizovuta kutoka benchi la nyuma zimetikisika zote. Usivute, tembea. Nenda mbele, piga goti, piga picha, rudi ukae. Pale Kit Mikayi, yale mawe makubwa yaliyopandana kwenye ile barabara yetu ya Bondo, huhitaji zumu kabisa: rudisha lenzi yote nyuma, isimamishe kamera wima, na mweke mtu chini ya jiwe ili ukubwa wake uonekane. Bila mtu ni mawe tu. Ushauri huu wa kusogea haumhusu kiboko. Pale Hippo Point, kando ya ziwa, nilivuta mara nne zote nikapata jiwe lenye masikio, na niliridhika nalo.

Kadi. Hapa ninaumia bado. Harusi ya binamu yangu nilipiga picha mia tatu na kitu kwenye kadi ya GB 32 niliyouziwa kwa bei ya kutupa. Nilipofika nyumbani, picha za mwanzo zilikuwa zinafunguka, zilizobaki ni majina matupu. Kadi ilikuwa ya kughushi. Ndani ilikuwa na nafasi ndogo, ila imefundishwa kusema uongo. Sasa kadi mpya yoyote naijaza kwanza na video za bure bure mpaka itapike, nazihamishia kwenye kompyuta, nazifungua ya kwanza na ya mwisho. Ikipita mtihani naifuta ndani ya kamera yenyewe. Na ni heri kadi mbili ndogo kuliko moja kubwa. Binamu amenisamehe. Mkewe sina uhakika.

Kuhusu mvua na vumbi sina mengi. Karatasi ya plastiki ya mkate inatosha kuifunika kamera, mvua ya ghafla ikikukuta kwenye boda boda, na vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya boksi la viatu nimevitupa kwenye mfuko wa kamera vinyonye unyevu.

Ila tafadhali osha picha. Sizungumzii kuzituma WhatsApp. Nenda studio ukaoshe hata kumi tu. Na uangalie jambo hili: kamera hizi hupiga umbo la nne kwa tatu, karatasi ya studio ni inchi 6 kwa 4. Hayalingani. Mashine inakata juu na chini bila kukuuliza. Mara ya kwanza nilimpelekea nyanya picha yake akiwa amejifunga kilemba chake cha kanisani, kilemba chote kimekatwa. Aliitazama muda mrefu, kisha akaniuliza ni nani aliyemvua. Tangu siku hiyo huwa naacha anga juu ya kichwa, mkono mzima, hata kama kwenye kioo inaonekana ni upumbavu.

Nilimpiga tena, nikaosha tena, na hiyo ya pili iko ndani ya Biblia yake. Wageni wakija huitoa, inazunguka mkono kwa mkono, inarudi na alama za vidole vya mafuta. Sasa ameagiza nyingine. Anataka asimame na ng'ombe wake, ng'ombe aangalie kamera. Nimeshachaji betri zote nne.