Kabla hujaondoka, mwanangu

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, ya mwisho nikiwa nachambua mchele. Unauliza kama kuogopa na kufurahi kwa pamoja ndo dalili hujajiandaa, maana usiku unapanga begi unacheka peke yako halafu alfajiri unaamka tumbo joto unataka uwapigie wale wa hospitali ya Leipzig, huko Ujerumani, uwaambie huji tena. Sijui kama ni dalili. Mimi nilitoka Tukuyu kwenda Kalenga kwa Wahehe tu, basi la siku moja, na tumbo lilikuwa hilohilo.

Habari ya babu yako unaijua, ila baba yako huwa anaisimulia watu wacheke na mimi hainichekeshi. Nilifika ukweni 1991 na heshima yangu yote ya Kinyakyusa. Kwetu enzi zile mwanamke hamtazami baba mkwe wake, hamtaji jina, akimwona njiani anapisha anapinda porini. Sasa babu yako akirudi shamba asubuhi, mabuti yamejaa tope, anasimama mlangoni kwa jiko anasema "Kamwene", salamu yao, kwa ile sauti yake nzito, mimi naacha mwiko kwenye sufuria natokea mlango wa uani. Kila siku. Uji uliungua sijui mara ngapi. Na moyoni nasema leo nimemheshimu mzee wa watu. Mwezi wa nne au wa tano hivi niko nyuma ya nyumba naosha vyombo, namsikia anamuuliza bibi yako, taratibu, "Huyu mtoto nimemkosea nini?"

Angefoka ningepata nafuu.

Na baba yako alijua! Alikuja kwetu kuoa, akakaa na wazee, akaelezwa kila kitu. Nikimuuliza mpaka leo ananijibu alidhani mzee anajua. Alidhani. Ndo maana nawaambia siku zote, na hili umelisikia mpaka umechoka, kama hujasema hawajui.

Bibi yako ndo alinikalisha nikamweleza. Kuanzia kesho yake mzee akawa anakohoa tangu huko kwenye mahindi, ili nipate kuondoka bila kukimbia. Hakunisemesha lolote, kikohozi tu, miezi na miezi. Ulipozaliwa nikakubeba mwenyewe, nikasimama mbele yake macho chini nikasema "Kamwene baba". Akavua kofia, akakupokea, akakaa palepale juu ya kinu.

Sasa huko uendako Jumapili maduka yanafungwa, Desemba saa kumi jioni jua linazama, na wakati wa baridi wako nyuma yetu masaa mawili, hayo yote utazoea. Mimi kinachoninyima usingizi ni macho yako. Ukiongea na mkubwa unaangalia chini, nimekulea hivo mwenyewe, na wale wanataka mtu awatazame usoni. Mkuu wa wodi ataona unaficha kitu. Mwambie siku ya kwanza kabisa. Au ya pili, ya kwanza utakuwa umechoka na safari. Ila usije ukaacha kabisa, ukirudi huku ukamkodolea macho shangazi yako mkubwa mimi nitajificha wapi. Sijui, labda ujifunze yote mawili, wale wamisionari wa Moravian waliokuja Rungwe 1891 walitumwa kutoka Herrnhut, jimbo hilohilo la Saxony unaloenda wewe, na Kinyakyusa walijifunza wakakiweza.

Lakini babu yako naye alikuwa kijana pale Kalenga 1954 fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, liliporudishwa kutoka kwao hao Wajerumani. Namuwaza sana wiki hii. Ungemwambia unaenda kuuguza wazee wa Kijerumani sijui angesema nini. Pengine angekohoa tu.

Mwishoni umeuliza, tena kwa sauti ndogo, mimi ningekuwa wewe ningeenda? Hilo sijibu. Jibu ninalo tangu siku visa imetoka, na baba yako analijua na nimemkataza asikwambie. Usiniulize kwenye simu maana litanitoka.

Sweta nimelimaliza jana, mikono nimeifuma mirefu kidogo ufunike viganja. Nalituma kwa basi la Jumatano, ukalipokee mwenyewe stendi, usimtume mtu.

Mama yako